Arubaini ya Mama Aliyejifungua Kabla ya Wakati



Shukrani zote ni zake Allah (S.W.T.), Mjuzi wa kilichomo ndani ya matumbo ya uzazi na wa siku ya kutoka kwake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mtoto anapozaliwa kabla ya wakati wake, macho ya watu wote humwelekea yeye, na hiyo ni haki yake. Ana uzito gani? Anapumua mwenyewe? Ameanza kunyonya? Maswali haya huulizwa asubuhi na jioni na mavyaa, mawifi, majirani na hata watu wa msikitini. Wanaouliza hali ya mama ni wachache, na hao wachache nao hunyamaza siku ile mtoto anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Husemwa, "Alhamdulillahi, yamekwisha."

Katika safu ya wiki hii tunataka kuonyesha kwamba kwa akina mama wengi hayajaisha. Dhiki iliyoingia moyoni katika wiki za hospitali huweza kukaa miezi, na kwa baadhi yao miaka, hata wakati mtoto amekwisha kuwa mkubwa na anacheza uani na wenzake. Tena tunataka kukumbushana kwamba sisi watu wa pwani tuna desturi ya arubaini. Tukiifahamu maana yake, wala si hesabu yake peke yake, itakuwa msaada mkubwa kwa mama huyu.

Mtoto wa kabla ya wakati ni yupi?

Mimba iliyotimia huhesabiwa kuwa ya wiki 40. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ni mtoto wa kabla ya wakati. Ndugu zetu wa Tanzania humwita mtoto njiti. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 amezaliwa mapema sana, na aliyezaliwa kabla ya wiki 28 amezaliwa mapema kupita kiasi. Kwa makadirio ya shirika hilo, mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 wa namna hii duniani, yaani zaidi ya mmoja katika kila watoto kumi. Kwa hivyo mama aliyepatwa na jambo hili hayuko peke yake, ingawa usiku wa manane hudhani kwamba ni yeye tu ulimwenguni.

Sababu zinazojulikana ni nyingi: shinikizo la damu la mimba, maambukizi ya njia ya mkojo au ya kizazi, malaria, upungufu wa damu, mimba ya mapacha, na mimba zinazofuatana kwa karibu mno. Mara nyingi vilevile sababu haionekani, daktari akachunguza na asipate kitu. Tunalitaja hili mapema kwa makusudi, kwa kuwa swali la kwanza analojiuliza mama ni, "Nilifanya nini?" Na mara nyingi jawabu la kweli ni kwamba hakufanya lolote la kumdhuru mwanawe.

Siku za hospitali

Mama aliyejifungua mtoto aliyetimia huwekewa mwanawe kifuani. Mama huyu wetu huonyeshwa mwanawe kwa dakika moja, kisha mtoto akachukuliwa mbio. Anapomwona tena, mtoto yumo ndani ya inkubeta, lile sanduku linalohifadhi joto, ana mrija wa kupitishia maziwa, ana nyaya kifuani, na pembeni iko mashine ambayo hulia kila pumzi inapopungua. Mama hujifunza haraka maana ya kila mlio. Hujifunza pia kusoma uso wa muuguzi kabla hajasema neno.

Kisha huja kazi ya maziwa. Hutakiwa akamue kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, na siku za mwanzo hupata matone tu. Hulia kwa ajili ya matone hayo, naye hajui kwamba maziwa ya siku za mwanzo huwa ni machache kwa mama yeyote, na kwamba hayo matone ni dawa kwa mtoto. Wengine hulala kwenye mabenchi. Mama wa Kwale ambaye mwanawe amelazwa Mombasa huvuka feri ya Likoni kwenda na kurudi na mshono wa upasuaji haujapona. Mama wa kisiwa cha Pate au Kiwayu huanzia safari yake kwenye mashua. Nyumbani amewaacha watoto wengine, na pengine mume yuko kazini Ghuba au baharini, anaulizia kwa simu.

Katika hali hiyo moyo hujifunga ili mwili uweze kufanya kazi. Mama hasemi sana, halii mbele ya watu, hutekeleza yote aliyoamrishwa. Watu humsifu kwamba ni shujaa, na kweli ni shujaa. Lakini kujifunga kwa moyo si kupona kwa moyo.

Baada ya kurudi nyumbani

Jambo linalowashangaza jamaa ni kwamba mama aliyekuwa imara hospitalini huanza kulegea baada ya kurudi nyumbani, wakati ambapo kila mtu anafurahi. Ukifikiri utaona kwamba si ajabu. Hospitalini kulikuwa na wauguzi na mashine za kulinda pumzi ya mtoto. Nyumbani mlinzi ni yeye peke yake. Huamka mara kumi kwa usiku mmoja kumwekea mtoto kidole puani aone kama anapumua. Mlio wa simu au wa gari la mtaani humrudisha kwenye ule ukumbi wa mashine, mapigo ya moyo yakaenda mbio na mikono ikatoka jasho. Kikohozi kidogo cha mtoto humfanya afunge safari ya hospitali usiku. Au huwa kinyume chake: hataki tena kupita hata njia ya kuendea hospitali ile, akaanza kukosa kliniki.

Hali hii ina jina kwa wataalamu: ni kiwewe, jeraha la moyo linalotokana na hofu ya kifo. Tumezoea kulihusisha na waliopatwa na ajali au vita. Mama aliyekaa wiki nane akingojea kuambiwa kama mwanawe ameamka hai naye amepita palepale.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1999 Lynn Singer na wenzake wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitatu akina mama waliozaa watoto wenye uzito wa chini ya kilo 1.5. Mwezi mmoja baada ya kujifungua, akina mama hao walikuwa na dhiki ya moyo kuliko wenzao waliozaa watoto waliotimia. Watoto walipofika umri wa miaka miwili, wale ambao watoto wao hawakupata matatizo makubwa walikuwa wamekwisha kutulia, wakawa sawa na wenzao. Lakini wale ambao watoto wao walibakiwa na ugonjwa sugu wa mapafu, dhiki yao iliendelea. Na hata katika mwaka wa tatu mzigo wa malezi ulikuwa bado umewalemea kuliko wenzao. Utafiti mwingine wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2014, uliwatazama wazazi wakati watoto waliozaliwa mapema sana walipofika umri wa miaka saba. Hata wakati huo, wasiwasi mkubwa ulionekana zaidi kwa wazazi hao kuliko kwa wazazi wa watoto waliotimia.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni bishara njema: akina mama wengi hupona, na kupona kwao hufuata kupona kwa mtoto. La pili ni onyo: mama ambaye mtoto wake ana ugonjwa unaodumu, au anachelewa kukaa, kutembea au kusema, hatapona kwa kuambiwa asubiri tu. Huyo anahitaji watu wa kumshika mkono kwa muda mrefu.

Liko jambo la tatu, ambalo madaktari wawili wa Marekani, Morris Green na Albert Solnit, waliliandika mwaka 1964. Waliona kwamba mtoto aliyekaribia kufa kisha akapona huendelea kuonekana machoni mwa wazazi wake kama anayekaribia kufa, hata akiwa mzima. Hakanywi, hazuiliwi kitu, hatolewi nje kucheza, haachwi kulala na nyanya yake. Mama hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini mtoto hukua akijiona dhaifu, na mama hapati pumziko. Kuipunguza hofu ya mama, basi, ni sehemu ya kumlea mtoto.

Maneno yetu wenyewe

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Pamoja na hayo, sisi tulio nje ya uchungu huo hatuishi kusema. Mgeni akija kumtazama mtoto husema, "Mbona mdogo hivi?" Mwingine huuliza mama alikula nini, au alipita wapi wakati wa magharibi. Mwingine husema ni jicho la watu, na kuanzia siku hiyo mama huanza kumshuku kila jirani. Mwingine humliwaza kwa kumwambia, "Mshukuru Mungu, wa fulani amekufa." Neno hilo hukusudiwa kheri, lakini humfunga mama mdomo. Kuanzia hapo akilia ataonekana hana shukrani, kwa hiyo atajibu "Alhamdulillahi" kwa kila aulizaye, na yaliyomo moyoni yatabaki moyoni.

Husuda ni kweli na kinga yake tumefundishwa: ni adhkari na dua. Lakini kumpachika mama hofu ya watu juu ya hofu aliyo nayo si kinga. Na kumtaja mtoto wa mwenzake aliyekufa si faraja.

Huzuni si kukosa imani

Tunaomba wasomaji wetu waitafakari habari ya mama yake Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Huyu alikuwa mwanamke aliyepewa ilhamu na Mola wake na kuahidiwa kwamba mwanawe atarudishwa kwake. Pamoja na ahadi hiyo, Qur'ani yatueleza kwamba moyo wake ulikuwa mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu asingeufunga moyo wake kwa uthabiti. Kwa hiyo moyo wa mama kuwa mtupu anapotenganishwa na mwanawe mchanga si dalili ya kukosa imani. Limempata aliye bora kuliko sisi.

Tena tutazame mambo mengine mawili katika kisa hicho. Mama yake Musa hakubaki peke yake. Alimtuma dada yake Musa amfuatilie mtoto kwa mbali na kumletea habari. Alikuwa na msaidizi katika jamaa zake. Na Musa aliporudishwa kifuani mwa mamake, sababu iliyotajwa ni kwamba jicho la mama litulie na asihuzunike, na apate kujua kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu ni kweli. Utulivu wa moyo wa mama umetajwa katika Kitabu kuwa ni jambo lenye uzito. Basi ni vipi sisi tulihesabu kuwa ni deko?

Mtume wetu (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na akabainisha kwamba machozi ya jicho na huzuni ya moyo havigongani na kuridhika na amri ya Mola. Imepokewa pia katika Hadithi sahihi kwamba alikuwa akianza sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa sababu alijua jinsi moyo wa mama unavyofadhaika. Alipunguza urefu wa sala ya jamaa kwa ajili ya moyo wa mama mmoja aliye safu za nyuma. Ni sunna inayotosha kuwa mwongozo wa nyumba zetu.

Arubaini ihesabiwe upya

Madaktari wana utaratibu mmoja wa hekima kwa watoto hawa. Hadi mtoto afike miaka miwili, maendeleo yake hupimwa kwa umri uliorekebishwa, yaani huhesabiwa kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, wala si siku aliyozaliwa. Aliyezaliwa katika wiki ya 28 alitangulia kwa wiki 12, yaani karibu miezi mitatu. Akifika miezi sita hutazamwa kama mtoto wa miezi mitatu, na wala asiulizwe kwa nini hajakaa. Chanjo tu ndizo zinazofuata tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Laiti kila nyanya na kila shangazi angeijua hesabu hii; lile swali la "Mbona hajafanya hiki?" lingepungua mno.

Rai yetu ni kwamba arubaini ya mama nayo irekebishwe vivyo hivyo. Desturi yetu ni kwamba mzazi hukandwa kwa maji moto, hufungwa mkaja, hupikiwa uji na supu, huondolewa kazi za nyumba, na halali peke yake. Mama aliyejifungua kabla ya wakati hakupata hata moja katika hayo. Arubaini yake ilimkuta kwenye benchi la hospitali. Siku aliporudi na mtoto, arubaini ilikuwa imekwisha, akakabidhiwa jiko na nguo siku ileile. Tunasema: arubaini ya huyu ianze siku anapoingia nyumbani na mwanawe. Hatuzungumzii hukumu za nifasi, ambazo zina mipaka yake katika fiqhi na hazibadiliki. Tunazungumzia huduma na huruma. Katika siku hizo yafanyike mambo yafuatayo.

Kwanza, mama apate usingizi. Mavyaa, mama mzazi, dada au wifi wagawane usiku, mmoja wao akae macho na mtoto kwa saa nne au tano mfululizo baada ya kunyonya, ili mama alale akijua kwamba kuna jicho linalotazama. Wasiwasi ni mgumu kupungua kwa mtu asiyelala.

Pili, mikono isaidie kubeba. Utaratibu wa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ujulikanao kwa jina la kangaruu, ulianzishwa mwaka 1978 na Dokta Edgar Rey Sanabria katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, kwa sababu inkubeta zilikuwa hazitoshi. Leo unasifiwa hata katika hospitali zenye inkubeta za kutosha. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanza kubeba mara baada ya kuzaliwa, bila ya kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo vya watoto wadogo hao kwa robo moja, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaupendekeza ufanywe kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Kwa leso mbili na blanketi kazi hii hufanyika nyumbani. Wengi hawajui kwamba baba na nyanya nao huweza kubeba. Nusu saa ya baba kifuani ni nusu saa ya mama kuoga na kula kwa utulivu. Na kwa mama aliyenyang'anywa mwanawe siku ya kwanza, saa za kumshika kifuani humrudishia hisia ya kwamba kweli huyu ni wake.

Tatu, chakula kije nyumbani. Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa Jaafar (R.A.) wapikiwe chakula walipofikiwa na msiba, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa. Hekima yake yatufaa hapa: aliyeshughulishwa na jambo zito asibebeshwe sufuria. Wakimama wa darsa la mtaa wanaweza kupangiana zamu, kila mmoja siku moja, bila ya kumwelemea yeyote.

Nne, kliniki asiende peke yake. Watoto hawa huhitaji kupimwa macho, masikio, uzito na ukuaji mara kwa mara, na kila ahadi ya daktari huamsha hofu za zamani. Mtu wa kushika mkoba na kijitabu cha kliniki, na wa kusikiliza maelezo pamoja naye, ni msaada unaoonekana mdogo lakini hubaki katika kumbukumbu yake miaka mingi.

Tano, asibebeshwe shughuli. Baadhi ya akina mama huhuzunika kwamba siku ya saba imepita mtoto akiwa hospitalini na akika haikufanywa. Akika ni sunna, na katika madhehebu ya Imam Shafii wakati wake huendelea hadi mtoto abaleghe. Jina anaweza kupewa hata akiwa ndani ya inkubeta. Akika ifanywe mtoto akipata nguvu, tena bila ya umati wa wageni kumbusu. Vivyo hivyo mama aliye katika nifasi, ambaye hasali, asidhani kwamba mlango umefungwa. Dua, dhikri, kumsalia Mtume na kusikiliza Qur'ani vyote viko wazi kwake.

Kwa mume

Neno letu kwa akina baba ni la pekee. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Mtoto akikaa hospitalini wiki nane, miezi ya mama huliwa na hospitali, na wiki za baba zilikwisha zamani. Kwa hiyo hesabu ya sheria haitoshi, na kinachobaki ni ihsani ya mume. Mke atakuwa mkimya. Atasahau mambo. Hataikaribia raha ya ndoa kwa muda. Huenda akakasirika kwa neno dogo. Mume asiyejua husema, "Hanijali tena," na kutoka hapo ugomvi huingia, na tumeona nyumba zikivunjika mtoto akiwa amesalimika. Mume anayejua hukumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia ahli zake ndani ya nyumba, naye huuliza kila siku, "Wewe je, umeamkaje?" kabla ya kumuulizia mtoto. Wala tusisahau kwamba baba naye ameogopa. Wengi huficha hofu yao kazini na barazani. Wawili wakikaa wakasimuliana yaliyowapata, kila mmoja hupata nafuu.

Lini aende kwa daktari

Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Lakini zikipita wiki mbili mama analia au amekauka kabisa, halali hata mtoto akilala, hana hamu ya chakula wala ya mtoto, anaona picha za hospitali zikimjia bila kutaka, au anajilaumu bila kikomo, huo ni ugonjwa wenye tiba, na mahali pa kuanzia ni kliniki ileile ya mtoto. Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Uskoti mwaka 1987, linalouliza hali ya mama kwa siku saba zilizopita. Mama ana haki ya kumwambia muuguzi, "Nami naomba nipimwe." Huenda akapewa mshauri wa kuzungumza naye, na pengine dawa, zipo dawa ambazo daktari huweza kumpa mama anayenyonyesha. Ama akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, akasikia sauti au akaanza kusema mambo yasiyoeleweka, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ruqya na dua ni kheri, na zifanywe, lakini zisiwe sababu ya kuchelewesha tiba, kwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Na wewe mama usomaye haya ukiwa na mwana aliyekuja mapema, huenda sasa ni wa miaka mitano na bado wamwekea mkono puani usiku. Huna wazimu, wala hukosi shukrani. Ulilinda pumzi ya mtu kwa muda mrefu, na mwili wako bado haujaamini kwamba kazi ile imekwisha. Mtafute mmoja umwaminiye, umsimulie tangu siku ya kwanza, hata kama miaka imepita. Halina muda wa kupitwa na wakati jambo hilo.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awatunze watoto wetu waliotangulia siku zao, awape afya na umri wenye baraka, awarehemu waliorejea Kwake wakiwa wachanga na awafanye kuwa kitangulizi cha kheri kwa wazazi wao, na aifunge mioyo ya mama zao kwa uthabiti kama alivyoufunga moyo wa mama yake Musa. Amin.

Wabillahi tawfiq.